Marhamu, krimu na jeli za ngozi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya nimeyakusanya dirishani, ninapotolea dawa kama mfamasia. Mengi huulizwa na mtu ambaye tayari ameshika tyubu mkononi, mara nyingine tyubu ya jirani. Dawa ya kupaka huonekana nyepesi kuliko kidonge, kwa hiyo watu huipaka bila hesabu, na hapo ndipo shida nyingi huanzia. Majina ya dawa nimeyaandika kama yanavyosomeka kwenye lebo ili uweze kuyalinganisha na yaliyo kwenye tyubu yako.

## Mambo ya msingi

1. Marhamu, krimu na jeli zinatofautiana vipi?

Ni hesabu ya mafuta na maji. Marhamu ni mafuta karibu matupu: mafuta ya mgando, nta, au lanolini inayotokana na sufu ya kondoo. Krimu ni maji na mafuta yaliyoshikanishwa na kiungo kinachoyazuia yasitengane. Jeli haina mafuta, au inayo kidogo sana; ni maji au spiriti iliyofanywa nzito kwa kiungo kinachovimba kikilowa. Losheni ni nyepesi na humiminika. Pasti ni marhamu iliyosheheni unga, mara nyingi wa zinki, ndiyo maana haitambai kutoka pale ulipoipaka.

Ukitaka kuzitofautisha kwa macho, paka kidogo ya kila moja nyuma ya kiganja. Marhamu itabaki inameremeta, na tone la maji ukilidondoshea litateleza. Krimu itakuwa nyeupe kwanza, kisha itapotea ukiisambaza. Jeli itakupa ubaridi, halafu itakauka na kuacha utando mwembamba unaovuta ngozi kidogo.

2. Kama dawa iliyomo ni ileile, si sawa kuchukua yoyote?

Hapana. Kile kinachobeba dawa, tukiite kibebeo, nacho hufanya kazi. Marhamu hufunika ngozi, huzuia unyevu wake usitoke, ngozi inalainika na dawa inapenya zaidi. Ndiyo maana steroidi (dawa inayonyamazisha mwasho na wekundu) ileile, kwa asilimia ileile, kwa kawaida huwa na nguvu zaidi ikiwa marhamu kuliko ikiwa krimu.

Kanuni ya zamani ya matabibu wa ngozi bado inafaa: penye majimaji paka chenye maji, penye ukavu paka chenye mafuta. Ukurutu unaochuruzika unataka krimu au losheni. Visigino vilivyopasuka na viwiko vigumu vinataka marhamu. Kichwani penye nywele, jeli au losheni hufika kwenye ngozi bila kugandisha nywele. Kwapani na kwenye mapaja krimu ni bora, kwa sababu marhamu hufungia jasho na ngozi ikalowana.

Kibebeo kilijulikana kuwa dawa tangu zamani. Krimu inayonasibishwa na Galen, tabibu wa karne ya 2, ilikuwa nta, mafuta ya zeituni na maji ya waridi tu. Maji yakitoka kwa mvuke, ngozi inapoa. Nafuu ilitoka kwenye mchanganyiko wenyewe. Mafuta ya mgando yalikuja baadaye sana: Robert Chesebrough aliyapatia hataza Marekani mwaka 1872, na sifa yake kubwa ni kwamba hayachachi kama mafuta ya wanyama yaliyotumika awali.

3. Dawa ya kupaka inaingia kwenye damu?

Nyingine huingia, na kiasi hutegemea mahali ulipopaka. Juu kabisa ya ngozi kuna tabaka la seli zilizokufa, ambalo sehemu nyingi za mwili ni jembamba kuliko karatasi. Seli zake zimepangwa kama matofali, na katikati kuna mafuta yanayoziba nafasi. Dawa yenye molekuli kubwa hukwama hapo. Yenye molekuli ndogo inayopatana na mafuta hupita.

Mwaka 1967 watafiti Feldmann na Maibach walipaka hydrocortisone sehemu mbalimbali za mwili, wakapima kiasi kilichoingia. Wakichukua sehemu ya mkono iliyo kati ya kiwiko na kiganja kuwa 1, paji la uso lilipitisha mara 6, kwenye pembe ya taya mara 13, na ngozi ya korodani mara 42. Unyayo ulipitisha 0.14 tu. Namba hizi ndizo zinazonifanya niulize kila mara, "Unaipaka wapi?" kabla sijatoa tyubu. Krimu isiyo na madhara nyayoni inaweza kuwa kali mno kwenye kope.

## Kupaka kwenyewe

4. Nipake kiasi gani?

Kipimo unacho mkononi. Minya tyubu utoe mstari wa krimu kuanzia ncha ya kidole cha shahada hadi kikunjo cha kwanza. Kwa tyubu yenye mdomo wa milimita 5, mstari huo ni takriban nusu gramu, na unatosha eneo la viganja viwili vya mtu mzima pamoja na vidole vyake. Long na Finlay walikieleza kipimo hiki mwaka 1991, na hadi leo sijaona kilicho rahisi zaidi kumfundisha mtu dirishani.

Kwa mtu mzima, uso na shingo huchukua mistari 2 na nusu. Mkono mmoja, kuanzia bega hadi kifundo, mistari 3. Kiganja pande zote mbili, 1. Mguu mmoja mistari 6, unyayo 2. Kifua na tumbo 7, mgongo pamoja na makalio 7.

Sasa piga hesabu. Mguu mmoja ukipakwa mara mbili kwa siku hutumia gramu 6. Tyubu ya gramu 15 itaisha baada ya siku mbili na nusu. Mtu aliyepewa tyubu hiyo kwa ukurutu wa miguu yote miwili, akanirudia baada ya mwezi akisema haijaisha na haimsaidii, hajapaka dawa; ameinusisha ngozi tu.

Kipimo hiki ni cha dawa. Vilainishi vya ngozi kavu havina mpaka huo: mtu mzima mwenye ukurutu wa mwili mzima anaweza kumaliza gramu 500 kwa wiki, na hiyo ndiyo matumizi sahihi.

5. Mara ngapi kwa siku, na nisugue?

Fuata lebo. Steroidi nyingi zinatosha mara moja au mbili kwa siku, kwa sababu tabaka la juu la ngozi huzihifadhi na kuziachia taratibu. Kupaka mara nne hakuharakishi kupona, huongeza madhara tu.

Usisugue kwa nguvu. Sambaza taratibu kufuata uelekeo wa vinyweleo. Ukisugua kinyume, hasa kwa marhamu, vishimo vya vinyweleo huziba na vipele vya usaha hutokea. Nawa mikono kabla na baada, isipokuwa mikono yenyewe ndiyo inayotibiwa.

6. Kilainishi, dawa na krimu ya kukinga jua: kipi kianze?

Oga, jikaushe kwa kugusagusa taulo bila kufuta, kisha paka ngozi ikiwa bado ina unyevu kidogo. Kati ya kilainishi na dawa, kilicho muhimu ni kuacha nafasi, nusu saa hivi, ili kimoja kisipunguze kingine nguvu wala kukisambaza kusikohitajika. Krimu ya kukinga jua huwa ya mwisho, asubuhi, na hurudiwa kila baada ya saa mbili ukiwa nje.

Dawa za chunusi zenye tretinoin hupakwa usiku, kwa sababu mwanga huziharibu na zenyewe huifanya ngozi iungue haraka juani. Punje moja ndogo inatosha uso mzima. Zenye benzoyl peroxide hung'oa rangi ya kitambaa, kwa hiyo tumia taulo na foronya nyeupe.

7. Naweza kufunga bandeji au nailoni juu yake?

Usifanye hivyo bila maelekezo. Kufunika huongeza sana kiasi cha dawa kinachopenya. Daktari hutumia njia hii kwa makusudi kwenye ngozi iliyokomaa na kuwa nene. Ukiitumia mwenyewe juu ya steroidi kali, unabadilisha dozi bila kujua. Nepi ya mtoto nayo ni kifuniko (tazama swali la 18).

## Krimu za steroidi

8. Nitajuaje kama krimu yangu ina steroidi?

Soma jina la dawa, lile la maandishi madogo chini ya jina kubwa la biashara. Likiishia na -sone, -solone au -olone, kama hydrocortisone, betamethasone, mometasone au fluocinolone, ni steroidi. Clobetasol nayo ni steroidi, tena ya kundi kali kabisa.

Asilimia ndiyo inayowapotosha watu. Hydrocortisone 1% ni hafifu. Betamethasone valerate 0.1% ni kali. Clobetasol propionate 0.05% ni kali kupita zote hizo, ingawa namba yake ndiyo ndogo kuliko zote. Asilimia hulinganisha tyubu mbili za dawa ileile tu. Haiwezi kulinganisha dawa mbili tofauti.

9. Kwa hiyo steroidi ni hatari?

Steroidi ni dawa nzuri sana. Mwaka 1952 Sulzberger na Witten waliripoti matokeo ya hydrocortisone ya kupaka, na kabla ya hapo wenye ukurutu walibaki na lami, pasti na uvumilivu. Mtoto anayejikuna usiku kucha hadi shuka linapata damu anastahili kupata steroidi inayofaa, kwa kiasi kinachotosha, na mapema. Wazazi wanaoipaka kwa woga, chembe hapa chembe pale, huishia kuitumia miezi mingi badala ya siku chache.

Madhara hutokana na mambo matatu yakikutana: dawa kali, mahali palaini, muda mrefu. Ngozi hukonda, mishipa midogo huonekana, michirizi hutokea mapajani na kwapani na haifutiki. Karibu na macho, presha ya jicho inaweza kupanda. Usoni na kwenye mikunjo tumia hafifu tu, kwa siku chache. Clobetasol haizidi gramu 50 kwa wiki, na kwa kawaida haipakwi zaidi ya wiki mbili mfululizo bila daktari kukuona.

Kwenye ngozi nyeusi kuna jambo jingine. Ukurutu ukipona huacha doa jeusi linaloweza kukaa miezi. Doa hilo si ugonjwa. Paguse: pakiwa laini, hapawashi wala hapana magamba, acha steroidi na endelea na kilainishi. Wengi huendelea kupaka wakitaka doa liondoke, na hapo ngozi inayolizunguka ndiyo inayopauka.

10. Krimu ya mchanganyiko, yenye steroidi, dawa ya fangasi na antibiotiki pamoja, si ndiyo inatibu kila kitu?

Hili ndilo swali ninalotamani kila mtu asome jibu lake.

Kijana mmoja alikunja mkono wa shati akanionyesha baka. Choa ya kawaida ina ukingo ulioinuka wenye magamba, na katikati pamesafika kama sarafu. Yake haikuwa na ukingo. Ilikuwa wekundu wa zambarau uliotambaa hadi juu ya kiwiko, laini, na vipele vidogo kwenye mashina ya vinyweleo. Alikuwa kwenye tyubu ya nne. Kila akipaka, mwasho ulikatika siku ileile. Kila akiacha, ulirudi baada ya siku mbili na baka likawa kubwa zaidi.

Steroidi hunyamazisha mwasho na wekundu, ambavyo ni kelele za mwili kupambana na fangasi. Kelele zikikoma, fangasi huenea kwa utulivu, na sura yake hubadilika kiasi kwamba hata daktari anaweza kuidhania ugonjwa mwingine. Dawa ya fangasi iliyomo kwenye mchanganyiko haitoshi kuishinda hali hiyo, na betamethasone iliyomo ni kali mno kwa mapaja, mahali ambapo watu wengi huipaka. Antibiotiki iliyobaki haikuwa na kazi yoyote. Inawafundisha bakteria usugu.

Kama ni fangasi, paka dawa ya fangasi peke yake. Kama hujui ni nini, usipake kitu chenye steroidi kabla ya kuonwa. Tabibu anaweza kukwangua magamba kidogo na kuyatazama kwa darubini, na krimu ya mchanganyiko huvuruga majibu ya kipimo hicho.

11. Nimepaka steroidi usoni kwa miezi. Nikiacha, uso unawaka moto. Nifanyeje?

Ngozi imezoea. Mishipa iliyokuwa imebanwa inafunguka, na kwa muda uso huwa mwekundu au mweusi zaidi, unachoma, wengine hupata vipele kuzunguka mdomo. Kurudia tyubu hutuliza kwa siku moja na kurefusha kifungo. Nenda kwa daktari wa ngozi akupangie namna ya kuacha. Kulingana na dawa na muda, anaweza kukushusha kwenye steroidi hafifu kwanza. Inaweza kuchukua wiki, na kwa wengine miezi. Kipindi hicho tumia sabuni isiyo na manukato na kilainishi cha kawaida, basi.

12. Na krimu za kung'arisha ngozi?

Nyingi za zile kali zina clobetasol, hydroquinone, au zebaki, na mara nyingi lebo haisemi ukweli. Hydroquinone ya muda mrefu inaweza kuleta weusi wa bluu, wenye vinundu, mashavuni, ambao ni mgumu sana kuutibu. Zebaki hupita ngozini na kuharibu figo. Inaweza pia kuwafikia watoto kupitia taulo na mikono ya mama. Mkataba wa kimataifa wa Minamata kuhusu zebaki, uliopitishwa mwaka 2013, unazuia vipodozi vyenye zebaki. Ukikuta kwenye lebo "mercurous chloride", "calomel" au "mercuric", usiipake. Ikiwa umeitumia kwa muda, mweleze daktari bila kuona haya ili figo zako zipimwe.

## Fangasi, bakteria, upele na majeraha

13. Fangasi imepotea baada ya siku tano. Niache dawa?

Endelea. Kinachopotea kwanza ni dalili. Clotrimazole 1% na miconazole 2% kwa kawaida hupakwa mara mbili au zaidi kwa siku, wiki 2 hadi 4, na huendelea wiki moja au mbili baada ya ngozi kuonekana safi. Terbinafine 1% huua fangasi wa choa haraka zaidi, hivyo wiki moja au mbili mara nyingi zinatosha. Paka ukivuka ukingo wa baka kwa sentimita 2 hivi, maana fangasi yuko mbele ya pale unapomwona.

14. Mtoto ana mapunye kichwani na krimu haisaidii. Kwa nini?

Kwa sababu fangasi amejificha ndani ya unywele na shina lake, mahali ambapo krimu haifiki. Mapunye yanahitaji dawa ya kumeza, kama griseofulvin au terbinafine, kwa dozi inayopangwa kwa uzito wa mtoto na kwa wiki kadhaa. Shampuu ya fangasi hupunguza tu kuambukiza wengine. Kucha nazo mara nyingi hugoma kwa sababu kama hiyo.

15. Nipake marhamu ya antibiotiki kwenye kila mkwaruzo?

Hapana. Mkwaruzo safi unataka maji safi, sabuni laini, mafuta ya mgando na kitambaa safi. Mwaka 1962 George Winter alionyesha kwa majaribio ya nguruwe kwamba jeraha lililofunikwa likabaki na unyevu hufunga ngozi upesi kuliko lililoachwa likauke. Wazo la kuacha kidonda kipigwe upepo ili gaga lipatikane haraka lilipaswa kuzikwa tangu hapo.

Mupirocin 2% na fusidic acid 2% ni za maambukizi madogo ya bakteria, kama vidonda vyenye magaga ya rangi ya asali kwa watoto. Huwa za siku chache, mupirocin isizidi 10. Ukizipaka kwa mazoea, siku utakapozihitaji bakteria watakuwa wamezizoea. Wekundu ukitambaa, homa ikipanda au maumivu yakizidi, tyubu haitoshi tena.

16. Tumetibiwa upele unaoambukiza na bado tunawashwa. Dawa imeshindwa?

Huenda haikushindwa. Mwasho unaweza kuendelea wiki 2 hadi 4 baada ya vijidudu kufa, kwa sababu mwili bado unajibu mabaki yao. Kinachofanya tiba ishindwe kwa kawaida ni namna ya kupaka. Permethrin 5% hupakwa mwili mzima kuanzia shingoni hadi nyayoni, pamoja na kati ya vidole, chini ya kucha, kitovuni na sehemu za siri, siyo penye vipele tu. Hukaa saa 8 hadi 14, kisha unaoga, na hurudiwa baada ya wiki moja. Ukinawa mikono katikati ya muda huo, paka tena mikononi. Hili husahaulika kuliko yote. Watoto wadogo na wazee huenda wakahitaji kupakwa hadi kichwani, kwa hiyo uliza.

Wote mnaolala nyumba moja mnapaka siku moja, hata asiyewashwa. Nguo na mashuka fua kwa maji ya moto sana, au vifunge kwenye mfuko siku 3 au zaidi. Benzyl benzoate 25% nayo hutumika, lakini huchoma ngozi iliyochubuka.

17. Nimeungua. Nipake nini?

Maji ya bomba yanayotiririka, ya baridi ya kawaida, kwa dakika 20. Hakuna marhamu, dawa ya meno wala mafuta kabla ya hapo. Vyote hufungia joto ndani. Malengelenge usiyapasue. Krimu ya silver sulfadiazine huamuliwa na aliyekiona kidonda, kwa sababu ikishapakwa hufunika rangi ya jeraha na kufanya kina chake kisijulikane. Haipewi watoto wachanga wala mwenye mzio wa dawa za salfa.

## Watoto, ujauzito na kunyonyesha

18. Mtoto mchanga naye apakwe nusu ya yangu?

Usikisie. Mtoto ana ngozi nyingi kulinganisha na uzito wake, hivyo kinachoingia ni kingi kwa mwili mdogo. Kwa kipimo cha swali la 4, kwa kutumia kidole cha mtu mzima, mtoto wa miezi 3 hadi 6 anahitaji mstari mmoja tu kwa mkono mzima na mmoja na nusu kwa mguu. Steroidi ya hydrocortisone 1% ikihitajika kwenye eneo la nepi, iwe siku chache. Vitu vyenye salicylic acid au boric acid usimpake mtoto mchanga. Krimu za ganzi, kama za lidocaine na prilocaine, zikizidishwa zinaweza kuzuia damu yake isibebe oksijeni vizuri. Upele wa kawaida wa nepi hutulia kwa pasti ya zinki na kubadilisha nepi mara kwa mara.

19. Je, mjamzito au anayenyonyesha?

Clotrimazole ya kupaka, vilainishi na steroidi hafifu au za wastani hutumika. Steroidi kali sana kwa wingi zimehusishwa na watoto kuzaliwa na uzito mdogo. Tretinoin iache. Jeli za maumivu zenye diclofenac na wenzake ziepuke, hasa miezi mitatu ya mwisho. Anayenyonyesha apake chuchu baada ya kunyonyesha, na afute kilichobaki kabla mtoto hajarudi kwenye ziwa.

## Kuhifadhi na kuchanganya

20. Tarehe haijapita, lakini nimeifungua zamani. Bado inafaa?

Tarehe ya kwisha ni ya chombo kisichofunguliwa. Tafuta mchoro wa kopo dogo lililofunguliwa lenye namba na herufi M. "6M" ni miezi sita tangu siku ya kufungua. Andika siku hiyo kwenye tyubu kwa kalamu. Krimu huharibika mapema kuliko marhamu kwa sababu vijidudu hupenda maji, na kopo huharibika mapema kuliko tyubu kwa sababu vidole huingia ndani. Chota kwa kijiko safi.

Lebo nyingi hutaka joto lisizidi nyuzi 25 au 30. Ukiona maji yamejitenga juu, chembechembe, au harufu iliyobadilika, itupe. Kuikoroga hakurudishi kitu: dawa imeshahamia upande mmoja, na hujui unapaka kiasi gani.

21. Naweza kuchanganya krimu mbili kiganjani ili nipake mara moja?

Usichanganye. Unapunguza nguvu ya kila moja, na unaweza kuvunja ule mshikamano wa maji na mafuta pamoja na vihifadhi vyake. Fuata nafasi iliyoelezwa kwenye swali la 6.

## Mambo yasiyotokea kila siku

22. Kadiri ninavyopaka ndivyo ngozi inavyozidi kuwasha. Inawezekana ni dawa?

Inawezekana kabisa, na mara nyingi mkosaji ni kibebeo: lanolini, manukato, au kihifadhi kama methylisothiazolinone. Neomycin, antibiotiki ya kupaka, nayo husababisha mzio, na kuna watu wenye mzio wa steroidi yenyewe. Mzio wa namna hii huchelewa siku moja hadi tatu, kwa hiyo mtu hauhusishi na tyubu. Krimu mpya ipake sehemu ndogo upande wa ndani wa kiwiko mara mbili kwa siku kwa wiki moja, uone. Kuchoma kidogo dakika za mwanzo kwenye ngozi iliyochubuka ni jambo jingine, na mara nyingi hubadilika ukitumia marhamu badala ya krimu au jeli yenye spiriti.

23. Jeli ya maumivu ya viungo, kwa kuwa ni ya kupaka, naweza kuiongezea vidonge?

Diclofenac ya jeli huingia kwenye damu kidogo, takriban asilimia 6 ya inavyokuwa kwa kumeza. Lakini ukiongeza vidonge vya kundi hilohilo unajumlisha mzigo tumboni na kwenye figo. Usipake kwenye jeraha. Ketoprofen ya jeli ina tahadhari yake: eneo lililopakwa lifunikwe lisipigwe na jua, hata wiki mbili baada ya kuacha. Krimu zenye capsaicin, ile ya pilipili, usiziguse halafu ukashika jicho.

24. Ni kweli mafuta ya ngozi yanaweza kusababisha moto?

Ndiyo. Kilainishi kikiloa kwenye nguo, shuka au bandeji na kukauka humo, kitambaa hushika moto haraka na kuwaka kwa nguvu. Kufua hupunguza, hakumalizi. Aliyejipaka kwa wingi asivute sigara wala kukaa karibu na moto wa wazi. Mafuta hayohayo hudhoofisha kondomu za mpira wa lateksi, na baadhi ya krimu za fangasi za ukeni hufanya hivyo pia, kwa hiyo soma karatasi iliyomo kwenye kasha.

25. Natumia jeli ya homoni, au krimu ya soriasisi (ugonjwa wa mabaka yenye magamba). Inaweza kumdhuru mwingine nyumbani?

Inaweza. Jeli ya testosterone huhamia kwa mtoto anayebebwa kifuani au mwenzi anayelala begani, na watoto wamewahi kuonyesha dalili za kubalehe mapema kwa njia hiyo. Acha ikauke, vaa shati linalofunika, nawa mikono kwa sabuni, na uoshe ngozi kabla ya kugusana nayo moja kwa moja. Krimu za calcipotriol, zinazotumika kwa soriasisi, na zile za fluorouracil ni sumu kali kwa mbwa, hata akilamba kidogo au kutafuna tyubu. Ziweke kwenye kabati linalofungwa, na usimwache mnyama alambe mkono uliopakwa.